Taa ya mbele ya Corolla ya mwaka 2001 imeingia maji: chanzo kitafutwe wapi?

Mkaazi wa Chumbageni (swali)

Wakuu, habari za leo.

Ninaomba msaada wa wenye ujuzi wa taa za magari, hasa mafundi rewaya, yaani mafundi umeme wa magari. Nina Toyota Corolla ya mwaka 2001, iliyoletwa ikiwa imetumika Japani, yenye taa za mbele za plastiki na balbu moja ya aina ya H4 (yenye mwanga mkubwa na wa chini pamoja) kila upande. Tangu masika yaanze, taa ya kushoto inaingia maji. Sizungumzii ukungu tu, bali maji yenyewe: nikilitikisa gari asubuhi ninayaona yakicheza chini ya taa, na upande wa ndani wa kioo umejaa matone makubwa. Taa ya kulia nayo hufanya ukungu mwepesi alfajiri, lakini nikiwasha taa na kuendesha hadi Pongwe, jirani tu na Tanga mjini, ukungu huo unakuwa umekwisha. Ya kushoto haikauki hata kwa safari ndefu ya Korogwe.

Upande huo wa kushoto bampa liliwahi kuguswa kabla sijalinunua gari. Gereji moja niliyoipelekea ilizungushia silikoni nyeupe kwenye ukingo wote wa taa, na kwa maelezo ya fundi aliyeifanya kazi hiyo, nyuma ya taa pia alipaka kila palipokuwa na uwazi. Silikoni hiyo ilinuka siki kwa siku kadhaa. Baada ya kazi hiyo maji yameongezeka badala ya kupungua, na sasa sehemu ya chini ya reflekta, yaani ule uso wa fedha unaorudisha mwanga mbele, imeanza kuwa na madoa meusi na kubanduka. Usiku mwanga wa upande huo umekuwa hafifu kiasi kwamba kwenye barabara ya Segera, ambako baiskeli na bodaboda nyingi hazina taa za nyuma, ninaendesha kwa wasiwasi mkubwa.

Jambo la pili ni taa ya nyuma ya kulia. Nikikanyaga breki huku indiketa inawaka, indiketa hiyo hufifia na taa ndogo huwaka nusu. Zulia la buti upande huo lina unyevunyevu. Sijui kama indiketa kufifia na unyevu huu vina uhusiano.

Ninachotaka kufahamu ni hiki: maji haya yanaingilia wapi, na ni kwa nini silikoni imezidisha tatizo? Je, taa hii inaweza kukaushwa na kurekebishwa, au nitafute nyingine? Ninashukuru kwa muda wenu.

Fundi Rewaya wa Changamwe

Ndugu yangu, pole kwa usumbufu. Umelieleza tatizo vizuri, na maelezo yako tayari yana nusu ya jibu. Nitaanza na taa ya kulia kwa sababu ndiyo itakayokufanya uielewe ya kushoto.

Taa ya gari yenye balbu inayobadilishwa haikuundwa iwe imezibwa kabisa. Zile taa za duara za inchi 7 za zamani, ambazo kioo, reflekta na waya wa kuwaka vilikuwa kitu kimoja, ndizo zilizozibwa kiwandani. Marekani taa za kuzibwa namna hiyo zilikuwa za lazima kuanzia magari ya mwaka 1940 hadi sheria ilipolegezwa mwaka 1983. Taa kama yako ina balbu ya wati 60 kwa mwanga mkubwa na wati 55 kwa mwanga wa chini, na sehemu kubwa ya umeme huo inageuka joto. Ukiwasha taa, hewa ya ndani inapata moto, inatanuka na kutaka kutoka. Ukizima, inapoa, inajikunja na kuvuta hewa ya nje kuingia ndani. Kwa hiyo watengenezaji huweka matundu madogo ya kupumulia nyuma ya taa, mengi yakiwa na kijiti cha mpira kilicho wazi ndani na kilichopinda ambacho mdomo wake unaelekea chini ili maji ya barabarani yasiingie, au kifuniko chenye sponji ndani.

Sasa fikiria hewa ya Tanga au ya huku kwetu Mombasa. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 30 inaweza kubeba gramu 30 hivi za maji yaliyo mvuke, lakini hewa hiyo hiyo ikipoa hadi nyuzi 20 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17. Kilichozidi lazima kigeuke maji, na hugandama kwanza mahali palipo baridi kuliko pengine, ambapo kwenye taa ni kioo cha mbele, kama inavyotoka jasho chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Ukungu wa taa yako ya kulia ni huo. Unakuja alfajiri na kuondoka taa ikipata joto, nao si ugonjwa, usiuguse.

Ya kushoto ni habari nyingine. Matone makubwa na maji yaliyosimama hayatokani na hewa peke yake. Kuna mahali maji yanaingia yakiwa maji, na pengine kuna mahali ambapo yangetoka lakini pamezibwa. Unaposema fundi alipaka silikoni kila palipokuwa na uwazi nyuma ya taa, mimi ninashuku moja kwa moja kwamba aliziba matundu ya kupumulia. Likishazibwa tundu, taa ikipoa hujenga mvuto ndani yake, na mvuto huo unayafyonza maji kupitia ufa mdogo kabisa ambao hapo awali usingeingiza hata tone. Kisha yakishaingia hayana pa kutokea, hata ukiendesha kutwa. Ndiyo maana hali ilizidi kuwa mbaya baada ya silikoni.

Itoe taa kwenye gari kabla ya kufanya jambo lolote. Kwenye gari lako huenda ukahitaji kulegeza bampa na shoo ya mbele (ule wavu ulio kati ya taa), kwa hiyo usivute kwa nguvu, maana masikio ya plastiki yanayoshikilia taa yakikatika utakuwa umejiongezea kazi. Taa ikiwa mezani, chunguza mambo haya kwa mpangilio huu.

Anza na raba ya nyuma, ile inayozunguka balbu ya H4. Ing'oe, ikunje kwa vidole na uitazame kwenye mwanga. Raba nzuri inakunjika na kurudi. Iliyozeeka ni ngumu, ina nyufa kwenye mdomo unaobana balbu, na wakati mwingine imeungua kabisa. Hapa ningependa kukuuliza: balbu ulizofungiwa ni za wati ngapi? Magari mengi hufungwa balbu za wati 100 ili kupata mwanga mwingi, na joto lake hukausha raba, hulainisha kichwa cha waya kinachochomekwa kwenye balbu na kuichosha reflekta. Angalia pia raba ilivyokaa, maana nyingi zina alama ya kuonyesha upande wa juu, na fundi mwenye haraka huirudisha kinyume na kuacha mdomo umejikunja.

Baada ya raba, tafuta matundu ya kupumulia. Linganisha taa hizi mbili upande kwa upande. Kila kijiti cha mpira kilichopo kwenye ya kulia kinapaswa kuwepo kwenye ya kushoto mahali hapo hapo. Kinachokosekana, au kilichojaa udongo, au kilichofunikwa kwa silikoni, umeshakiona.

Kisha ukingo ambao kioo kimeungana na kasha, yaani mwili wa plastiki wa taa. Ndani ya mfereji huo kuna gundi nyeusi ya butili ambayo kwa miaka zaidi ya 20 hukauka na kuachia, hasa mahali ambapo taa imewahi kupigwa. Mwisho kabisa tazama nyufa za kasha lenyewe, chini na kwenye mizizi ya yale masikio, kwa sababu bampa likiguswa kasha hupasuka nyuma, mahali ambapo mtu akisimama mbele ya gari hapaoni.

Ili kuwa na hakika, usikisie kwa macho. Rudisha balbu na raba, ziba matundu ya kupumulia kwa vidole au utepe isipokuwa moja, na kwenye hilo moja ingiza bomba jembamba la plastiki. Paka maji ya sabuni kwenye ukingo wote na kwenye kasha, halafu puliza kwa mdomo taratibu. Palipo na ufa patafanya povu. Tafadhali usitumie kompresa ya gereji: shinikizo lake linaweza kuufungua ukingo ambao ulikuwa mzima.

Ukimaliza, mwaga maji na kausha. Toa balbu na raba, iache taa kivulini mahali penye upepo mkavu, au tumia kikaushio cha nywele kwenye joto dogo ukikishika mbali, ukipuliza kupitia tundu la balbu. Kama kuna tope, suuza kwa maji yaliyochujwa, yale safi ya kuongezea betri na si yenye asidi, kwa sababu ya bomba huacha madoa ya chumvi. Usiingize kitambaa wala pamba kusugua reflekta. Uso ule ni tabaka jembamba sana la alumini, na ukiusugua unatoka. Petroli na tina ya kuchanganyia rangi pia zikae mbali na plastiki, zinaiachia nyufa nyingi ndogo zisizofutika.

Kuhusu ile harufu ya siki: silikoni ya aina hiyo hutoa asidi inapokauka. Ndani ya chombo kilichofungwa, asidi hiyo hushambulia chuma na alumini, kwa hiyo sishangai kuona madoa kwenye reflekta yako. Iondoe yote. Pakihitajika silikoni, nunua ile isiyo na asidi, ambayo haina harufu hiyo.

Dereva wa Bukoba

Ninawasalimu wote. Huku kwetu mvua hainyeshi kwa msimu tu, na njia ambayo wengi tunaitumia ni kutoboa tundu dogo chini ya taa kwa msumari wa moto au keekee nyembamba. Maji yanaingia, lakini yanatoka yenyewe, na hakuna haja ya kufungua bampa wala kulipa fundi. Taa ya nyuma ya pikapu langu ina tundu la namna hiyo tangu zamani na haijawahi kusimamisha maji. Ninapendekeza ndugu yetu aanze na hilo kabla ya kuingia gharama.

Fundi Rewaya wa Changamwe

Mkuu wa Bukoba, ninaiheshimu hoja yako, na kwa taa za nyuma za magari mengi ya zamani uko sahihi kabisa, kwa sababu baadhi yake zilitoka kiwandani zikiwa na tundu la kumwagia maji kwenye kona ya chini. Kama tundu hilo lipo na limejaa udongo, kulizibua kwa waya ndiyo tiba.

Taa ya mbele ninaiweka kando kwa sababu mbili. Ya kwanza, iko mahali ambapo tairi na gari lililo mbele huirushia maji ya tope, na tundu lililotazama huko linaingiza vumbi laini ambalo hukaa juu ya reflekta. Baada ya miezi michache mwanga umefifia na hakuna njia ya kulisafisha bila kuondoka na alumini. Ya pili ni kwamba kutoboa hakugusi mahali maji yanapoingilia. Maji yataendelea kupita juu ya balbu na kichwa cha waya kabla ya kufika chini kwenye tundu. Kioo cha balbu ya halojeni kikiwa kinawaka kina joto la nyuzi 250 au zaidi, na tone moja la baridi likikiangukia kinaweza kupasuka. Wengi wanaolalamika kwamba upande mmoja unakula balbu kila mara wana tatizo hili bila kulijua.

Kwa hiyo kwa ndugu wa Chumbageni ningesema asitoboe kitu hadi amalize uchunguzi wa sabuni.

Mkaazi wa Chumbageni

Fundi, ahsante sana kwa maelezo ya kina, na ahsante nawe mkuu wa Bukoba.

Nimeitoa taa na kuilinganisha na ya kulia. Kwenye ya kulia kuna vijiti viwili vya mpira, kimoja juu karibu na indiketa na kingine chini. Kwenye ya kushoto cha juu hakipo kabisa, na tundu lake limejazwa silikoni hadi ndani. Cha chini kipo lakini nacho kimefunikwa. Raba ya balbu imekauka, na mdomo wake umepasuka katika nusu ya mzunguko. Balbu niliyoikuta ni ya wati 100 kwa 90, na kichwa cha waya kimegeuka rangi ya kahawia kwenye pini moja.

Nimepuliza maji ya sabuni kama ulivyoelekeza. Povu lilitoka sehemu moja tu ya ukingo, kona ya chini upande wa bampa, kwa urefu usiozidi kidole. Kasha halina ufa. Sikio moja liliwahi kuchomelewa kwa plastiki, lakini halivuji.

Sasa ninalo swali jingine. Kioo kifunguliwe chote na kubandikwa upya, au ninaweza kuziba ile kona tu? Na reflekta iliyobanduka chini ina tiba? Rafiki mmoja ameniambia kuna rangi ya fedha ya kupuliza.

Mama Spea wa Gerezani

Ndugu wa Chumbageni, mimi ni muuzaji wa spea zilizotumika hapa Dar es Salaam, na mume wangu ni fundi wa kufungua taa, kwa hiyo jambo hili tunakutana nalo kila siku. Niruhusu nijibu hili la kufungua.

Kama uvujaji ni kona moja na kioo bado kimeshika kwingine kote, usikifungue chote. Ondoa silikoni yote ya siki kwa kipande cha plastiki ngumu, si kwa kisu, kisha safisha mfereji kwa spiriti na uuache ukauke. Pasha joto kona ile kwa kikaushio cha nywele hadi gundi ya zamani ilainike, bana kioo na kasha kwa kibanio huku ukiweka ubao mwembamba katikati ili kisiache alama, halafu ongezea juu yake silikoni isiyo na asidi. Iache saa 24 kabla ya kuirudisha kwenye gari, halafu rudia jaribio la sabuni. Haraka ndiyo inayoharibu kazi hii. Mtu anapaka jioni na asubuhi yuko sehemu ya kuoshea magari.

Kufungua taa nzima ni kazi ya mtu aliyeona ikifanywa. Taa nyingi za Kijapani za umri huo zimebandikwa kwa butili, ambayo inalainika kwenye joto la nyuzi 90 hadi 100, kwa hiyo huwekwa kwenye oveni kwa dakika chache baada ya kutoa balbu, raba, skrubu na mota ya kurekebishia mwanga. Tatizo ni kwamba oveni nyingi za nyumbani haziaminiki. Namba inasema 100 na ndani pengine ni 140, na plastiki ya polikaboneti, ambayo ndiyo kioo cha taa hizi, inaanza kupoteza umbo lake inapokaribia 147. Nimeona vioo vilivyorudi vimejipinda visiweze kukaa tena kwenye mfereji wake. Pia kuna taa, hasa za magari ya Ulaya, zilizobandikwa kwa gundi ngumu isiyolainika kwa joto, na hizo ukizilazimisha zinavunjika. Ukifungua, butili ya zamani yote itolewe na mpya, ile inayouzwa katika mikunjo, ijazwe mfereji mzima bila kuruka sehemu. Kuchanganya ya zamani na mpya huacha njia ya maji.

Rangi ya fedha usiiweke. Reflekta inafanya kazi kwa sababu uso wake ni laini kabisa na kila mwale unatumwa mahali ulipokusudiwa. Rangi ya kopo ina chembechembe. Inaonekana inang'aa mchana, lakini usiku inatawanya mwanga ovyo na kuwasumbua wanaokuja mbele yako. Kama kilichobanduka ni sehemu ndogo chini, unaweza kuendelea nayo kwa muda ukishazuia maji. Kama kimepanda hadi usawa wa balbu, tafuta taa nyingine, na hapo hakuna la kujadili.

Ukiamua kununua, kuna mambo ambayo wateja wetu huyasahau. Omba taa iliyokatwa kwenye gari lililotoka Japani, ambako wanaendesha upande wa kushoto kama sisi. Taa zinazokuja kutoka Dubai au Oman mara nyingi ni za magari ya kuendeshwa upande wa kulia wa barabara, na mwanga wake wa chini unainuka upande wa kulia, yaani machoni mwa dereva anayekuja mbele yako. Zinafanana kwa umbo na kuingia bila shida, kwa hiyo mtu hagundui hadi aanze kupigiwa taa na kila gari. Ukiwa dukani, iinue taa juu ya mwanga na utazame reflekta kupitia tundu la balbu, itikise usikilize maji, hesabu vijiti vya mpira, na usiondoke bila raba ya nyuma. Raba hiyo ukija kuitafuta peke yake baadaye utazunguka Gerezani yote. Zile mpya za kuiga zina kioo kinachong'aa sana, lakini ukingo wa nyingi huwa umebandikwa kwa gundi kidogo, kwa hiyo zifanyie jaribio la sabuni kabla hazijafungwa, maana zikishaingia maji muuzaji atasema umezivunja.

Usipate tamaa ya kuweka vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Vikishajaa vinakaa humo na maji yake, na vikisogea karibu na balbu vinaungua.

Fundi Rewaya wa Changamwe

Mama Spea amemaliza, na mimi naongeza yaliyobaki upande wa umeme.

Ndugu yangu, kijiti cha juu kilichokosekana ni lazima kirudi. Kikikosekana dukani, kipande cha bomba la mpira laini la kipenyo hicho hicho, kilichopindwa ili mdomo uangalie chini, kinafanya kazi hiyo hiyo. Balbu za wati 100 ziondoe zote mbili, urudishe za 60 kwa 55, na usishike kioo chake kwa vidole, kwa kuwa mafuta ya ngozi hufanya sehemu hiyo ipate joto kupita kiasi. Kile kichwa cha waya cha rangi ya kahawia kibadilishwe, kisisafishwe. Pini iliyoungua imepoteza mkazo wake na itaungua tena. Wengine watakushauri ufunge balbu za LED. Katika reflekta iliyoundwa kwa ajili ya H4, nyingi zinatawanya mwanga, feni yake ya nyuma inazuia raba kufunga, na kwa vile zinatoa joto kidogo upande wa mbele, ukungu wa alfajiri ambao sasa unaondoka kabla ya Pongwe utakaa hadi mchana.

Kuhusu taa ya nyuma, ndiyo, indiketa kufifia na zulia kulowa vina uhusiano. Indiketa kufifia unapokanyaga breki ni dalili ya waya wa hasi, ule unaofungwa kwenye bodi, kuwa na kutu. Umeme wa breki ukikosa njia yake ya kurudi, hupitia kwenye balbu nyingine na kuziwasha nusu. Kutu hiyo imeletwa na maji yanayolowanisha zulia lako. Fungua taa ya nyuma, tazama sponji iliyo kati ya taa na bodi: ikiwa imelala na kuwa bapa, maji yanapita nyuma yake na kuteremka ndani ya buti. Badilisha sponji, sugua kwa msasa mahali waya wa hasi unapofungwa hadi chuma kitoe weupe, funga, kisha paka grisi juu yake. Kichwa cha balbu chenye ukijani kisafishwe kwa brashi ndogo na spiriti. Na uinue zulia uone hali ya bati chini, hasa shimo la tairi la akiba, kwa sababu maji yaliyokaa huko hula bodi kimyakimya.

Ukienda kuosha gari, mwambie kijana wa mashine asilenge bomba la shinikizo kwenye ukingo wa taa wala nyuma yake, na usioshe taa ikiwa imetoka kuwaka. Maji baridi juu ya taa yenye moto huifanya ivute hewa na maji kwa nguvu.

Ukishafunga kila kitu, rekebisha mwanga. Simamisha gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, tairi zikiwa na upepo sahihi na dereva akiwa ameketi. Weka kwanza alama ukutani kwa urefu ule ule wa katikati ya balbu, halafu washa mwanga wa chini. Mstari wa juu wa mwanga uwe sentimita 10 hadi 15 chini ya alama hiyo, na sehemu inayoinuka iwe upande wa kushoto. Skrubu za kurekebishia ziko nyuma ya taa. Geuza kidogo kidogo na uifunike taa moja unaporekebisha nyingine. Tuletee matokeo baada ya mvua ya kwanza, na kama kona ile itatoa povu tena, andika hapa kabla hujaipeleka kwa mtu mwingine wa kuipaka silikoni.